Ibn Sina na siri ya tope kugeuka jiwe



Jina la Ibn Sina si geni katika nyumba za Waislamu. Wengi wetu tunamfahamu kuwa ni tabibu mkubwa, mwenye kitabu cha Al-Qanun ambacho kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mwanazuoni huyo aliandika pia juu ya mawe na milima, akaeleza namna tope la mtoni linavyotulia, likakauka, likashikamana na hatimaye likawa mwamba. Leo tumeona ni vyema tuyatazame maisha yake kwa upande huo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa ndugu zetu wa Lupaso, Masasi na Newala wanaishi karibu kabisa na ushahidi wa jambo alilolieleza, na kuna wanaoishi juu yake. Ya pili ni kuwa sura aliyoiandika juu ya mawe ilisomwa na Wazungu kwa mamia ya miaka kwa jina la mtu mwingine, na katika hilo mna funzo kwetu sisi wazazi na walimu.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, katika nchi inayoitwa leo Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, naye alitumikia dola ya Wasamani akiwa msimamizi wa kijiji jirani. Mama yake, Sitara, alikuwa mwenyeji wa Afshana. Baadaye familia ilihamia Bukhara, na huko mtoto akatafutiwa walimu.

Alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Qur'ani yote na kusoma vitabu vingi vya adabu. Fiqhi aliisoma kwa sheikh aliyeitwa Ismail az-Zahid. Hesabu za Kihindi baba yake alimpeleka akajifunze kwa muuza mboga wa sokoni, na hapo tunaona kwamba wazee wale hawakuona aibu kuipokea elimu kutoka kwa yeyote aliyekuwa nayo. Mantiki na elimu ya maumbo alianza kwa mwalimu an-Natili, lakini punde si punde mwanafunzi akamzidi mwalimu. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi, tayari matabibu walikuwa wakija kujifunza kwake.

Ibn Sina mwenyewe amesimulia kwamba kila alipokwama katika suala alikwenda msikitini, akaswali na kumwomba Mola amfungulie. Amesimulia pia kuwa kitabu kimoja cha Aristotle alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi kwa moyo, na bado hakukielewa. Siku moja katika soko la vitabu alishawishiwa kununua kwa dirhamu tatu kijitabu cha al-Farabi kilichokuwa kikikifafanua kitabu hicho, na alipokisoma mambo yote yakamdhihirikia. Kesho yake alitoa sadaka kwa mafakiri kwa furaha.

Kijana huyo alipoitwa kusaidia kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya kasri. Akapewa, akasoma humo vitabu ambavyo watu wengi hawakupata kuvisikia hata majina yake.

MTO JAYHUN

Katika utoto wake huo ndimo lilimotokea jambo dogo ambalo wengine wangelipita bila kulitazama. Kando ya mto Jayhun, ambao siku hizi huitwa Amu Darya, Ibn Sina aliona tope laini lililoachwa na maji. Wenyeji walikuwa wakilichukua tope hilo kuoshea vichwa vyao, kwa jinsi lilivyokuwa laini. Baada ya miaka ipatayo 23 akaliona tena tope lile, nalo limekwisha kuwa jiwe, ingawa ni jiwe lililo laini. Hakusahau. Alichokiona akiwa mdogo alikilinganisha na alichokiona akiwa mtu mzima, kisha akakitumia kuuliza swali kubwa zaidi, nalo ni hili: je, milima nayo haikuwa tope wakati mmoja?

SAFARI NA MAFICHO

Maisha yake hayakuwa ya raha. Baba yake alifariki Ibn Sina akiwa na umri wa miaka 21 au 22, na dola ya Wasamani ikaanguka mwaka 999. Akahama kwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, kisha akasafiri mji baada ya mji hadi Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi. Huko alikutana na Abu Ubayd al-Juzjani, mwanafunzi aliyefuatana naye mpaka mwisho wa uhai wake, na ndiye tunayemshukuru kwa kutuandikia habari zake nyingi.

Kutoka hapo alipita Rayy, kisha akafika Hamadan, nchini Iran, ambako alimtibu amiri Shams ad-Dawla akapona, naye akamfanya waziri. Askari wakamwasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe. Amiri alikataa kumwua lakini alimwondoa kazini, naye akajificha siku 40 mpaka amiri alipougua tena akaitwa na kurudishwa katika uwaziri. Katika kipindi hicho mchana ulikuwa wa kazi za serikali, na usiku ulikuwa wa darsa na wanafunzi wake.

Mwaka 1021 amiri akafariki. Ibn Sina hakutaka kumtumikia mrithi wake, akajificha katika nyumba ya muuza dawa aliyeitwa Abu Ghalib. Al-Juzjani akamwomba akimalize kitabu chake kikubwa, Kitab ash-Shifa, ambacho pamoja na jina lake la uponyaji si kitabu cha tiba bali ni mkusanyo wa elimu za mantiki, hesabu, maumbile na hikima. Bila ya kuwa na kitabu chochote mkononi, kwa siku mbili aliandika vichwa vya masuala yote. Kisha akawa anaandika kurasa 50 kila siku, mpaka akamaliza elimu ya maumbile na ya hikima isipokuwa habari za wanyama na mimea. Katika elimu hiyo ya maumbile ndimo ilimo sehemu inayohusu madini, mawe na milima.

ALIVYOELEZA ASILI YA MAWE

Katika sehemu hiyo Ibn Sina alieleza kuwa mawe hutokea kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya udongo wa kunata unaokauka na kushikamana kidogo kidogo, na hapo ndipo alipotoa ushahidi wa mto Jayhun. Njia ya pili ni ya maji yenyewe kuacha jiwe, kama yanavyofanya matone yanayodondoka mahali pamoja kwa muda mrefu.

Kisha akaieleza milima. Akasema kuwa nchi nyingi zinazokaliwa na watu zilikuwa chini ya bahari zamani ambazo historia haikuzihifadhi, na dalili yake ni yale mabaki ya viumbe vya majini, kama makombe, yanayokutwa ndani ya mawe ya milimani. Akaeleza pia kuwa baadhi ya milima inaonekana kuwa imewekwa tabaka juu ya tabaka, na kwamba kila tabaka ilitulizwa katika wakati wake, ya chini ikitangulia na ya juu ikifuata. Na mabonde, alisema, hupatikana kwa maji na upepo kuzila sehemu laini na kuziacha zilizo ngumu.

Tusidhani kuwa kila alichokisema kimethibiti. Yeye alidhani kuwa ardhi ina nguvu maalumu ya kugeuza vitu kuwa mawe, na wataalamu wa leo hawaikubali nguvu hiyo. Wao wanaeleza kwamba mchanga na tope vinapofunikwa na mizigo ya tabaka nyingine hubanwa, maji yakakamuliwa, na madini yaliyoyeyuka katika maji yanayobakia, kama chokaa, chuma na yale ya jamii ya mchanga mweupe, hushika baina ya punje mithili ya simenti. Aidha, kwa kawaida kazi hiyo huchukua muda mrefu mno kuliko miaka 23. Lakini msingi wa maelezo yake, yaani tope kutulia, tabaka kufuatana, na muda mrefu kupita, ndio msingi unaofundishwa mashuleni hadi sasa.

Katika zama zake hakuwa peke yake. Al-Biruni, aliyewahi kuandikiana naye maswali na majibu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1030 kuhusu India kwamba mawe ya mito karibu na milima ni makubwa na ya mviringo, mbali zaidi huwa madogo, na karibu na bahari huwa mchanga. Kwa hiyo akahitimisha kuwa tambarare ile ilikuwa bahari iliyojazwa na mashapo ya mito.

USHAHIDI KATIKA NCHI YETU

Neno mashapo sote tunalijua, kwani ndiyo machicha na tope yanayobaki chini ya mtungi maji yakitulia. Baada ya mvua kubwa, mtoto wa Lupaso anaweza kwenda kwenye korongo lolote akayaona aliyoyaona al-Biruni. Maji yanapokuwa na kasi hubeba hata kokoto. Yakipungua kasi huziacha kokoto kwanza, kisha mchanga, na tope laini hulala mwisho pale maji yaliposimama. Anayetaka kuwaonyesha wanawe nyumbani achukue chupa nyeupe, atie udongo na maji, aitikise na kuiweka. Ataona chembe nzito zikitangulia chini na nyepesi zikifuata juu yake.

Anayesafiri kutoka Masasi mjini kwenda Newala hupita katika nchi mbili zenye miamba tofauti. Masasi kuna vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katika tambarare, kama Mtandi na Mkomaindo. Hiyo ni miamba ya kale mno, iliyopikwa kwa joto na mkandamizo mkubwa ndani ya ardhi. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyechunguza nchi yetu mwishoni mwa karne ya 19, alivipa vilima vya aina hiyo jina lenye maana ya milima ya visiwa katika kitabu chake cha mwaka 1900, na jina hilo linatumika duniani kote hadi leo.

Kisha njia hupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, na hapo mwamba hubadilika. Badala ya jiwe gumu lililo moja, kuna mchanga ulioshikamana, udongo wa mfinyanzi na kokoto zilizogandamana, na mara nyingi vina rangi nyekundu kwa sababu ya chuma kilichomo. Hii ndiyo miamba tabaka. Asili yake ni mashapo yaliyotandazwa na maji zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, baada ya miamba migumu ya bara kumomonyoka. Baadaye ardhi ilinyanyuka, na sasa uwanda huo upande wa magharibi unakaribia meta 900 juu ya usawa wa bahari, ukishuka taratibu kuelekea pwani. Aliyesimama Newala, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, akatazama chini kuelekea bonde la Ruvuma, anaona namna maji na upepo vilivyoula ukingo huo.

Na yale makombe ndani ya jiwe aliyoyataja Ibn Sina yapo pia kusini mwetu. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, tabaka zenye mifupa ya dinosaria zimepishana na tabaka zenye makombe ya baharini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin walichimba hapo, wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa iliyogeuka jiwe. Waliochimba, wakasafisha na kubeba mizigo hiyo walikuwa wenyeji wetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikaa muda mrefu pembeni ya majina ya mabwana wa Kijerumani. Mwaka 2007 aina mojawapo ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake.

Elimu hii si ya kujifurahisha tu. Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunyesha, lakini mito haipo, kwa kuwa maji huzama katika mchanga na kupita baina ya punje mpaka yakutane na tabaka isiyoyapitisha, kisha hutokeza kwenye chemchemi za mabondeni na chini ya ukingo. Ndiyo maana kwa vizazi vingi mama zetu wa Newala walishuka mteremko mrefu na kupanda na maji kichwani, na ndiyo maana Mradi wa Maji wa Makonde ulitegemea chanzo cha Mitema kilichoko bondeni. Gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982 mkoani Mtwara, nayo imo katika vinafasi vya mawe ya mchanga wa namna hiyo. Na mkulima anayeacha shamba la mteremkoni wazi, mvua inampokonya leo udongo ambao kesho utakuwa mashapo ya mto Ruvuma.

KIFUNGO NA KUFARIKI

Tukirudi kwa Ibn Sina, maficho yake yaligunduliwa. Alishutumiwa kuwa anaandikiana kwa siri na mtawala wa Isfahan, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Hata humo aliandika. Alipotoka, alitoroka Hamadan pamoja na ndugu yake, al-Juzjani na watumwa wawili, wote wakiwa wamevaa mavazi ya masufi, wakafika Isfahan ambako mtawala Ala ad-Dawla alimpokea kwa heshima. Huko akakamilisha sehemu zilizobakia za ash-Shifa. Lakini mji huo ulipovamiwa na jeshi la Sultani Mas'ud wa Ghazna, mizigo yake iliporwa, na kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Insaf kikapotea.

Aliugua maradhi ya tumbo, akadhoofika. Alipojua kuwa mwili umeshindwa aliacha dawa, akatubia, akatoa mali yake sadaka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, sawa na mwaka 1037 Miladia, akiwa safarini, akazikwa Hamadan. Kaburi lake lipo huko hadi leo.

JINA LILILOFUNIKWA

Karibu mwaka 1200, Mwingereza Alfred wa Sareshel aliifasiri kwa Kilatini ile sura ya mawe na milima. Ikaunganishwa mwishoni mwa kitabu cha nne cha Aristotle kuhusu mambo ya anga, na kwa karne nyingi wasomi wengi wa Ulaya wakaisoma wakidhani kuwa maneno ni ya Myunani huyo. Mwaka 1669 Mdenmaki Niels Steensen alichapisha kanuni za tabaka za miamba, na mwishoni mwa karne ya 18 akaja Mskoti James Hutton. Hao ndio ambao vitabu vya shule huwataja. Ni mwaka 1927 tu ambapo Waingereza wawili, Holmyard na Mandeville, walichapisha mjini Paris maneno ya Kiarabu ya Ibn Sina pamoja na tafsiri yake, kila msomaji akaweza kuona asili ya sura ile.

Hatusemi haya ili tujigambe. Tunajua pia kuwa wanazuoni wetu hawakumkubali Ibn Sina katika kila jambo. Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokimaliza mwaka 1095, aliwarudi wanafalsafa katika masuala 20, akayahukumu matatu kati yake kuwa ni ukafiri. Lakini imamu huyo huyo alionya kuwa mambo yaliyothibiti kwa hesabu na kwa kutazamwa, kama sababu za kupatwa kwa jua na mwezi, hayapingwi kwa jina la dini, kwani anayefanya hivyo anaidhuru dini anayodhani kuwa anaitetea. Basi mzazi anayehofia kumwacha mwanawe asome elimu ya miamba kwa kudhani kuwa ni elimu ya wageni, amzingatie hafidhi yule wa Bukhara na tope lake.

Na wale wa Lupaso, Masasi, Newala na kwingineko wanaojua kila chemchemi ilipo, kila ngarambe ya udongo mwekundu na kila kisima kilichokauka, wayaandike wanayoyajua au wawaambie wajukuu wayaandike, pamoja na majina yao. Sura ya Ibn Sina juu ya mawe iliweza kurudishiwa jina lake baada ya miaka 700 kwa sababu maandishi yake ya Kiarabu yalikuwepo. Al-Insaf, ambacho nakala yake iliporwa, hatuna tena.

Wabillahi tawfiq.